Chumba cha Waliokandika

Miaka kumi na tisa Nazira alifanya biashara ya pweza mkavu hapa Palma, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyetaka ushauri wake wala aliyemlazimisha kupokea wa kwake. Alikuwa mjane wa watu na robota zake. Alinunua pweza kwa wanawake wanaochokoa miambani wakati wa bamvua, akamwanika uani kwake, akamvusha mto Rovuma, ng’ambo ya mpaka, kwenda kumuuza Mtwara. Kila safari alirudi na kitu kidogo, na kila kitu kidogo alikiweka.

Ndipo wakaja watu wa gesi. Kule nje baharini zikasimama meli zenye taa nyingi kuliko mji mzima, redio ikatangaza kuwa chini ya maji imeonekana gesi isiyo na mfano, na Palma, ambapo zamani mgeni mmoja alikuwa akitazamwa na watoto kutwa nzima, pakajaa wageni tele. Kila mwenye paa akawa mwenye nyumba ya kupangisha. Bwana mmoja wa mtaa wa pili alilipiga chokaa banda lake la kuku, akaliita kwarto, yaani chumba, na mpangaji akapatikana. Kuku wakahamia jikoni.

Hapo watu wakakumbuka kwamba Nazira ana pesa.

Pesa zenyewe hazikuwa za kutisha. Zingetosha kumlipia binti yake, Nuria, mwaka mmoja na nusu katika chuo cha uuguzi huko Pemba: ada, chumba na chakula. Lakini kozi ya Nuria ilikuwa bado na miaka miwili na nusu, na pweza wa kila mwezi alitosha kulisha tu, hakutosha kusomesha. Nazira akizila pesa zile, zitaisha kabla ya cheti. Akiziweka mahali zikazaa, mtoto atamaliza. Akiziweka mahali zikafa, mtoto atarudi nyumbani kabla mwaka haujakwisha, kuja kuanika pweza na mama yake. Nazira alimpenda pweza, hilo halina ubishi, lakini hakumzaa Nuria kwa ajili ya pweza.

Wa kwanza kupiga hodi alikuwa shemeji yake Mshamu, mdogo wa marehemu mumewe. Mshamu ni wa ukoo wa Mtwara, muuza magodoro na saruji, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo mzuri zaidi. Alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya mkeka, akaikandamiza kwa viatu vyake isipeperuke.

“Tazama, shemeji. Vyumba vitatu, vyoo viwili vya ndani, kisima, jenereta, ukuta kuzunguka. Saruji tupu. Wewe weka zako zote, na mimi naweka zangu. Kampuni inalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwaka mmoja tu, pesa yako imerudi mfukoni!”

“Na mwaka wa pili?”

“Mwaka wa pili unakula faida umelala.”

“Na wasipokaa?”

“Akina nani?”

“Hao wa kampuni.”

Mshamu alicheka mpaka akashika mbavu. “Gesi iko chini ya bahari, shemeji. Itakwenda wapi?”

“Gesi haiendi kokote,” alisema Nazira. “Mimi nauliza watu.”

Mshamu akanywa chai, akasifu chai, akampa siku tatu, mpaka Ijumaa. Alipoondoka, Nazira alibaki na ile karatasi mbele yake. Nyumba ilikuwa nzuri, Mungu shahidi. Fundi aliyeichora alichora hata maua dirishani. Nazira alijiona amesimama kwenye kibaraza cha saruji, funguo mkononi, anawakaribisha mabwana wenye kofia ngumu, na moyo ukamwenda mbio kwa tamaa. Kisha akamwona Nuria anateremka garini na sanduku lake, amerudi bila cheti, na tamaa ikamtoka.

Siku zile tatu alifanya jambo alilolijua vizuri, akaenda kumtazama mnunuzi. Katika pweza hakuwahi kufunga robota kabla hajajua nani ataifungua. Alfajiri akasimama karibu na tanuri la mikate, akawauliza wageni mmoja mmoja wanalala wapi. Akagundua kwamba kila mhandisi mmoja wa kampuni ana dereva, ana mlinzi wa mchana, ana mlinzi wa usiku, ana mpishi na mfuaji. Mhandisi nyumba anayo tayari. Hao wengine walikuwa wakilala kwenye vibaraza vya watu, na dereva analala garini na miguu imetoka dirishani. Mwalimu mmoja mgeni, Armando, kijana mrefu wa kutoka Diaca, alikuwa akilala darasani juu ya madawati aliyoyaunganisha. Kila alfajiri aliyatenganisha upesi wanafunzi wasije wakajua.

“Ukipata chumba utalipa?” Nazira alimuuliza.

“Mama, nitalipa leo hii. Kiwe na mlango tu.”

Nazira akarudi nyumbani anapiga hesabu njia nzima. Pweza wa kilo nne anapendeza kumtazama, lakini anamngoja mwenye hoteli, na mwenye hoteli asipopita anaanza kunuka. Wadogo huondoka kila siku asubuhi, kikapu kitupu. Ijumaa Mshamu alipokuja, alimkuta amekwisha kata shauri.

“Samahani, shemeji. Zote siweki. Theluthi najengea vyumba vitano vya udongo humu humu kwenye ua alioniachia mama yangu, bati juu. Theluthi ni ya Nuria, ya kumalizia mwaka huu, hiyo siigusi hata nyumba ikiungua. Theluthi inabaki kwenye pweza, maana ndiye aliyenifikisha hapa.”

“Vyumba vya udongo!” Mshamu alishika kichwa. “Wakati wa gesi, shemeji? Udongo?”

Alisikitika kweli, si kwa maringo. Akakunja karatasi yake mara nne, akaaga, akachukua pweza wawili wa kwenda kumpelekea mkewe. Hakulipa, kwa kuwa ni shemeji.

Nguzo na fito zikaletwa kutoka Nhica do Rovuma. Fundi Faquir akasimamisha, akafunga fito, akaezeka bati, akatia milango mitano, kila mmoja na kufuli lake. Jengo likawa refu, limekaa kama behewa, kuta zake bado mifupa mitupu. Theluthi ya ujenzi ikawa imebaki chenji. Ndipo Faquir, akifuta jasho, akataja bei ya kukandika udongo.

Nazira alikaa chini. Ilikuwa karibu bei ya chumba kizima, mlango wake na bati lake. Kuilipa ilikuwa lazima aipasue ile theluthi ya Nuria, maana ya pweza ilikwisha kugeuka robota.

“Mbona unahangaika?” Faquir alisema. “Ita watu wakukandikie, kama tunavyoitana sote.”

Sasa hapa inabidi nieleze, asiye wa huku asije akaona Nazira alitenda kosa dogo. Kwetu mtu akisema, “Jumamosi nakandika,” haulizwi kitu. Watu wanakuja tu, na majembe yao na ndoo zao, wanachimba udongo wa kichuguu, wanaukanyaga, wanakandika ukuta wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje, mabonge yakutane katikati ya fito. Mwenye nyumba hashiki udongo. Kazi yake ni jikoni, kuhakikisha kila mkono uliokandika umekula ukashiba. Na nyumba uliyoikandika nawe una neno ndani yake. Mvua ikikukuta jirani, unaingia bila hodi. Wageni wa harusi yako wakizidi, wanalala pale. Msiba ukitokea kwako, mikeka inatandikwa pale. Hayo hayaandikwi popote, na hakuna anayeitia nyumba ya biashara watu wa kukandika. Nazira aliyajua hayo tangu hajaota meno. Siku ile akajitia hamnazo.

Jumamosi walikuja watu arobaini. Mbele yao alikuwa Bi Umi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo aliyepita makamo, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu bila kusimama. Bi Umi ndiye aliyempokea Nuria siku anazaliwa. Alilizunguka jengo mara moja, kanga imefungwa kiunoni, akarudi mlangoni mwa jiko.

“Mama Nuria! Milango mitano! Una waume wangapi wewe?”

Uani pakalipuka kicheko. Nazira alikuwa amechutama anageuza wali wa nazi, na moshi ukamsaidia kuficha uso.

“Ya Nuria hiyo,” alisema.

Aliwaza kwamba si uongo. Kila kodi itakwenda kwa Nuria. Lakini mwiko ulimteleza mkononi. Nje wanawake wakaipokea habari, wakaitungia wimbo papo hapo, kwamba Nuria nyumba anayo, mume yuko wapi. Wakakandika wanaimba, mabonge yanaruka, wazee wanatupiwa utani. Kabla ya alasiri kuta zote zilikuwa zimevaa. Wakala wali na pweza mpaka masufuria yakalia, wakamwombea Nuria dua, wakaondoka. Nazira alipobaki peke yake na kuta zile mbichi alifurahi sana, na ndani ya furaha kuna kitu kilimkwaruza, hakukitazama.

Udongo ukakauka. Armando akawa wa kwanza kuingia, ana begi moja na sanduku la vitabu. Wakafuata walinzi wawili na mpishi mmoja, kila mtu chumba chake. Kodi ya kwanza ikaenda Pemba nzima nzima. Cha tano Nazira alikuwa amemwahidi dereva aliyesema atalipa miezi mitatu mbele, na alikuwa amekiacha wazi kipate hewa. Majirani waliona vitanda vya watu wasiowajua vinaingizwa kwenye nyumba ya Nuria.  Hata Bi Umi alinyamaza, jambo lililokuwa halijatokea.

Siku dereva alipokuja na pesa mkononi, alikuta chumba chake kina wanawake kumi na mmoja kutoka Nhica, na mikeka yao, na sufuria la wali limekaa kizingitini. Walikuwa wageni wa harusi ya mjukuu wa Bi Umi. Walimkaribisha vizuri tu. Dereva akageuza, akaenda kupanga kwingine.

Wiki ile ile mvua kubwa ikanyesha. Armando alikuwa ametoka mara moja kuchota maji kisimani, kaacha mlango wazi. Kurudi, ameloa chapachapa, akamkuta Bi Umi na wenzake wawili wamekaa kitandani kwake wanakula muhogo wa kuchemsha.

“Karibu, mwalimu,” Bi Umi alimwambia. “Usisimame mlangoni, utaloa.”

Jioni Armando akaja kwa Nazira, mpole kama kawaida yake, hana hata hasira ya kuazima.

“Mama, mimi sina ugomvi nao. Hata muhogo walinipa. Lakini nilipotaka kubadili nguo waliniambia nigeukie ukutani tu, wao ni mama zangu.” Akajikuna kichwa. “Mwisho wa mwezi nikipata pengine nitahama. Na walinzi wanasema hivyo hivyo.”

Maji yakamfika Nazira shingoni. Wapangaji wanne wakiondoka kwa mkupuo, ada ya mwaka ujao itatoka wapi? Hakungoja. Alivaa kandambili, akavuka ua, akamkuta Bi Umi barazani anachambua mbaazi.

“Kaa,” alisema Bi Umi.

“Sikai!”

“Basi simama.”

“Bi Umi, unanifukuzia wapangaji! Unataka Nuria arudi? Unataka mtoto akose kusoma kwa sababu ya wageni wako wa harusi?”

Bi Umi akaendelea na mbaazi zake. “Ile nyumba ni ya nani?”

“Yangu!”

“Siku ile ulisema ya nani?”

 “Kodi ni ya Nuria,” alisema Nazira, sauti imeshuka. “Kila meticali inakwenda Pemba. Naapa.”

“Sasa mbona hukusema hivyo?” Bi Umi aliweka ungo chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. “Ungekuja hapa ukasema, jamani, najenga vyumba vya kupangisha, mtoto asome, sina pesa ya kukandikia. Wako ambao wangetaka ujira, ni haki yao. Na wako tungekuja bure vile vile, maana huyo Nuria nilimpokea mimi kwa mikono hii. Lakini ungetuuliza, Nazira. Wewe umetuchota tu, kama maji ya kisima. Mgongo uliniuma siku nne.”

Nazira aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akageuka akaondoka, na hakuaga.

Akasimama uani kwake mbele ya ile milango mitano. Alikuwa amejisifu sana kwa akili zake. Alizigawa pesa zake mafungu matatu, hakupumbazwa na maua ya dirishani, alimtazama mnunuzi kabla ya kufunga mzigo. Kumbe katika hesabu yote ile, fungu kubwa kabisa hakulitia. Watu arobaini waliweka mtaji wao kwenye kuta hizi, mchana mzima wa migongo yao, na yeye akauandika sufuri. Mtaji wao wote ulikuwa na thamani gani? Faquir aliutajia bei mwenyewe: chumba kimoja. Nazira alitazama mlango wa tano mpaka akatabasamu bila kupenda. Akafungua kufuli, akalichukua na ufunguo wake, akarudi kwa Bi Umi. Safari hii alikaa.

“Hiki ni chenu,” alisema. “Sikupi zawadi, Bi Umi. Ni chenu, mlikilipia. Wageni wenu wa harusi, wa msiba, mgonjwa aliyekuja hospitali, mvua, wote humo. Vile vinne ni vya watu, mpige hodi kama kwa watu. Na nisamehe. Nilidanganya nikijua.”

Bi Umi alikipima kile kifunguo mkononi kama anayepima dhahabu. “Bati likivuja?”

“Bati langu.”

“Na kuta zikiliwa na mvua?”

“Kuta…”

“Kuta zetu,” Bi Umi alimkata. “Tulikandika sisi. Na nani ana haki ya kulala?”

“Yeyote aliyekandika, na anayemleta.”

“Yeyote aliyekandika,” alirudia Bi Umi polepole, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Kisha akamsogezea Nazira ungo. Wakachambua mbaazi pamoja mpaka magharibi, na Nazira akasikia kifua chake kimekuwa chepesi.

Mshamu alipopata habari alicheka hadi machozi. “Mimi natafuta mbia mmoja sipati, shemeji kapata arobaini kwa siku moja, na anawapa chumba!” Yeye nyumba yake aliimaliza na bwana mmoja wa Mocímboa, na ilikuwa nzuri vile vile kama kwenye karatasi. Kampuni ikalipa kodi ya mwaka kwa mkupuo, kama alivyosema, hakutia chumvi. Mwaka ulipokwisha wakajenga kambi yao wenyewe, wakawahamisha mabwana wote siku moja. Siku hizi Mshamu ameweka magodoro yake mle. Magodoro yana vyumba vitatu, kisima, na vyoo viwili vya ndani. Nazira hakumcheka shemeji yake. Alicheka kidogo tu, akiwa peke yake jikoni, na alimpelekea pweza bila kuombwa.

Vile vinne havikukaa wazi hata mwezi. Walinzi waliondoka na kampuni, wakaja mafundi wa barabara. Mpishi akaoa akahama, akaja muuza simu. Armando hakwenda kokote, alizoea, na mvua ikinyesha alikuwa wa kwanza kuwaita akina mama waingie kwake. Na cha tano kikawa hakilali kitupu. Bibi mmoja wa Awasse alikaa wiki mbili pale mwanawe akiuguzwa, na msiba wa mtaa mzima ulitandikiwa mikeka pale. Wakati mwingine Nazira aliupita mlango ule na kuwaza kodi ambayo angeipata. Aliiwaza mpaka kisimani. Akirudi na ndoo huwa ameisahau.

Na ada ikalipwa, muhula kwa muhula, mpaka siku Nuria alipopiga simu.

“Mamã, estágio yangu wamenipanga hapo hapo Palma! Miezi minne ya mazoezi hospitalini, halafu cheti. Nakuja Jumamosi na wenzangu wawili. Tulale wapi? Kwako siwezi, mamã, sare zetu nyeupe, tutanukia pweza mpaka wagonjwa wakimbie!”

Nazira alilia kwa furaha, kisha akaanza kuhangaika. Chumba chake cha kulala ni kimoja, na nusu yake ni robota. Vile vinne vimejaa, na mpangaji anayelipa hafukuzwi kwa sababu mwenye nyumba kapata mgeni. Akavuka ua.

“Shikamoo, Bi Umi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nuria anakuja na wenzake. Naomba ufunguo wa cha tano.”

Barazani walikuwepo wanawake watano wanasuka ukili, na mikono yote ikasimama. Bi Umi alilishika pindo la kanga yake, pole pole, anajua anatazamwa.

“Tulisema nani ana haki?”

“Aliyekandika.”

“Wewe siku ile ulikuwa wapi?”

“Jikoni! Nawapikia nyinyi!”

“Tulikula, tukashukuru, ikaisha. Udongo ulishika?”

Wanawake wakaangua kicheko, na mmoja akajifunika uso na ukili. Nazira alitazama huku na huku kutafuta wa kumtetea, hakumpata, naye kicheko kikamshika.

“Sikushika,” alisema.

“Basi Jumamosi njoo ushike. Masika yameula ukuta wa nyuma, mkono unapita. Tunakandika upya.”

Jumamosi Nazira alifunga kibwebwe, akavua kandambili, akaingia kwenye tope mpaka magotini. Ilibidi mtu apike, akapika Armando na mafundi wa barabara, na wali ukaungua, ukaliwa hivyo hivyo. Nazira alipewa upande wa nje. Ndani alikuwa Bi Umi. Bonge lake lilipopita kwenye fito alisikia vidole vya mama yule vinalipokea upande wa pili, vigumu, vya moto, vinalisukuma kurudi.

“Bonge lako jembamba,” sauti ilitoka ukutani. “Unakandika au unapaka siagi?”

“Nimekaa sana jikoni, Bi Umi.”

“Ongeza.”

Akaongeza. Mgongo ulimuuma vibaya, na kila ulipouma alikumbuka zile siku nne za Bi Umi, akaongeza tena. Tundu la mwisho lilikuwa bado halijaziba, gari la abiria kutoka Pemba lilipofika, limechelewa Awasse kama kawaida yake. Wakateremka wasichana watatu wenye mabegi. Wa mbele akasimama katikati ya ua, macho yamemtoka. Mama yake, mwenye nyumba, alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

“Mamã! Unafanya nini? Nyumba ya nani hiyo?”

Wenzake walimtangulia kujibu.

“Ya Nuria!” walipiga kelele wanawake wote kwa pamoja, walio ndani na walio nje, na Bi Umi kwa sauti kuliko wote, wakaanzisha upya wimbo wao wa zamani pale walipouachia.

Nazira alicheka na machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega maana mikono ilikuwa haifai. Bi Umi akatoka ndani, akafungua pindo la kanga yake. Aliitazama ile mikono iliyojaa udongo, akaigeuza pande zote mbili kuikagua, akaridhika. Kisha, kwa kuwa mikono ile haikuweza kushika kitu, aliufunga ufunguo mwenyewe kwenye pindo la kanga ya Nazira, mafundo mawili, akamwambia aende akampokee mtoto.